Uso Niliotengenezewa Bara

Kikwajuni, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Nakusalimu, na dua zangu zikutangulie. Umekwenda Mkokotoni kumuaga baba yako, na gari ya kurudi haifiki mjini kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa mbele, nimemwambia jirani yetu Bi Zeyana kwamba kichwa kinaniuma, nami nimekaa kitandani kwako na kalamu. Meli yako inaondoka kesho asubuhi. Mambo ya nguo, ya chakula na ya namna ya kukaa na watu, shangazi yako amekwisha kukueleza mpaka masikio yamekuuma. Hapo mimi sina la kuongeza.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema juzi, wanawake wa mtaa walipokuja kukupongeza kwamba umechukuliwa Dar es Salaam kusomea uuguzi. Bi Zeyana alikuuliza kwa nini umechagua kazi ya kuosha vidonda vya watu. Ukajibu, na mimi nipo jikoni nasikia: "Nnakwenda kumtafutia mama daktari mwingine. Safari hii atapona." Wakakuombea dua, na mmoja wao akalia. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Nikaendelea kukuna mpaka nikafika kwenye kifuu, na tui la siku ile likawa jeusi. Uliponiuliza, nikakwambia nazi ilikuwa mbovu.

Hakuna daktari wa kunitafutia, Rukia. Nataka upande meli bila mzigo huo, na ili uniamini lazima nikusimulie mambo ambayo umeyaishi bila kuyajua, kwa kuwa ulikuwa mdogo na wakubwa walikwambia nusu tu.

Unajua kwamba nilikuwa mpambaji. Hujui nilivyokuwa. Kuanzia Malindi mpaka Ng'ambo, mwenye kuoza binti alinitafuta mimi kwanza, kisha ndiyo akamtafuta mpishi. Hina yangu ilikuwa ikikoza mpaka inakaribia weusi, na wanja nikiupaka hautiririki hata bi harusi alie vipi. Lakini wanawake hawakuniita kwa mikono tu. Waliniita kwa sababu nilikuwa mzuri, na bi harusi akinitazama alitumaini kwamba baadhi yake itamwambukiza. Nakwambia hivi bila kujisifu, kama ninavyoweza kukwambia kwamba bibi yako alikuwa mrefu. Nilikuwa nao uzuri, nilikuwa naufanyia kazi, na sikuwahi kuufikiria, kama mtu asivyoufikiria mguu wake mpaka uvunjike.

Ilikuwa mwaka ule ule wa Mapinduzi, mitaa ilipoanza kutulia na watu wakaanza tena kufanya harusi. Nilikuwa nachemsha maji ya kukandia hina kwenye lile jiko la mafuta ya taa la kupiga pampu. Moto ulikuwa mdogo. Nikainama, nikapiga pampu, nikainama tena kutazama. Likalipuka. Sikumbuki maumivu, nakumbuka harufu ya nywele, na sauti ya Bi Zeyana akipiga kelele, "Funga macho, Salma! Funga macho!" huku akinifunika kwa gunia alilolitia maji. Wewe ulikuwa uani unacheza. Nashukuru hukuona.

Hospitali ya hapa mjini walifanya waliloweza, na nikaishi. Lakini ngozi ilipokauka ilianza kujivuta, kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Jicho la kushoto likawa halifumbi hata usingizini. Mdomo wa chini ukavutwa kuelekea shingoni, nikawa siwezi kuufunga, mate yananichuruzika na chakula kinanidondoka. Watoto wa mtaa wakiniona walikimbia. Wewe hukukimbia. Ulikuwa ukikaa mapajani kwangu na kunifuta udenda kwa pembe ya kanga, unasema, "Mama, umevuja tena," nasi tunacheka wote wawili.

Sasa nisikilize vizuri, maana watu nikiwaambia hili hawanisadiki. Mwaka ule sikuwa na huzuni. Nilikwenda sokoni na ushungi wangu, niligombana na wauza samaki, nilimtania baba yako kwamba sasa hana haja ya kunionea wivu. Sababu yake ni neno moja tu. Daktari mmoja mgeni, aliyekuwa akipita wodini, alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema bara yuko mwenziwe ambaye kazi yake ni kutengeneza nyuso zilizoharibika. Nikalishika neno lile. Kila nilipojiona kwenye kioo nilisema: huyu mgeni tu, anapita, mwenye nyumba atarudi.

Ruhusa ya kusafiri ilipopatikana, baba yako alifunga kibanda chake cha baiskeli pale Darajani akanisindikiza mpaka Dar es Salaam, akaniacha wodini, akarudi kukuangalia wewe na bibi yako. Nilikaa huko miezi. Walinichuna ngozi ya paja wakaipandikiza shavuni na kwenye ukope, kisha shingoni, kisha mdomoni. Kila mara nililala wiki kadhaa nimefungwa bendeji, nakunywa uji kwa mrija. Maumivu yale niliyabeba kwa furaha, kama mwanamke mwenye uchungu anavyosubiri mtoto.

Kitanda cha jirani alilala msichana wa Tanga, jina lake Tatu, umri wake kama ulio nao wewe sasa. Alizaliwa na mdomo uliopasuka mpaka puani. Alipofunguliwa bendeji, wodi nzima tulisema mashaallah, maana palibaki mstari mwembamba tu ambao usipoambiwa huuoni. Lakini kila mtu alipokaribia, mkono wake ulipanda wenyewe na kuuziba mdomo. Muuguzi alikuwa akimkaripia: "Shusha mkono, Tatu! Unaficha nini sasa?" Anaushusha, baada ya kitambo umepanda tena.

Siku moja nilimkuta barazani analia. Nikamwambia, "Mwanangu, si umeshapona?"

Akasema, "Dada Salma, nilipokuwa na mdomo ule nilijua kwa nini watu hawanipendi. Sasa wasiponipenda nitasema ni kwa nini?"

Nilimcheka. Nikamwambia hayo ni maneno ya kitoto, nenda kanawe uso. Aliondoka kwao na mkono mdomoni, na mimi nikabaki kusubiri zamu yangu.

Zamu yangu ikafika. Wakakusanyika, daktari, wauguzi, wagonjwa walioweza kutembea. Wakanifungua polepole, wakanipa kioo. Nikamwona mwanamke wa makamo, ngozi yake laini isiyo na mkunjo, jicho linafumba, mdomo umefungwa vizuri. Rangi ya shavu moja ilipishana kidogo na la pili. Hakuwa mbaya. Ungempita barabarani usingegeuka kumtazama, wala kwa uzuri wala kwa ubaya. Nikasubiri. Nilidhani moyo umechelewa tu njiani, kwamba baada ya pumzi moja au mbili utafika na kusema, naam, ndiye huyu. Haukufika. Watu walikuwa wanapiga makofi. Daktari akamwambia muuguzi aniulize kama nimefurahi.

"Mwambie nimefurahi sana," nikasema. "Mwambie Mungu amjaze kheri."

Ningesema nini kingine? Mtu alikuwa ameinama juu yangu masaa na masaa. Unamwambiaje mtu kama huyo kwamba amemfukuza mgeni, na mwenye nyumba naye hakurudi?

Nikarudi Unguja. Hapa ndipo ninapotaka uwe makini, kwa sababu najua hulikumbuki jambo hili, na wala silisemi ili kukulaumu.

Nyumba ilijaa wanawake. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa amepika, ametia na udi. Akakuita, "Rukia!" Ukaitika, "Naam, bibi," ukaja mbio kutoka uani, pengo mbele, magoti yana vumbi. Ukanikuta nimekaa juu ya mkeka bila ushungi. Ukasimama. Kisha ukafanya adabu kama ulivyofundishwa kwa wageni, ukanishika mkono na kusema, "Shikamoo."

Wanawake wakacheka. Bibi yako akasema, "Ala! Huyo si mgeni. Huyo mama yako, karudi mzima."

Ukanitazama tena, ukamtazama bibi yako. Ukasema, "Mama'ngu mie yule aloungua. Huyu nani?"

Hakuna aliyecheka. Nikakwita, sauti ikakushtua kwa kuwa uliijua, lakini ilikuwa inatoka pasipo pake, na hilo likakutisha zaidi. Ukakimbilia nyuma ya bibi yako ukaanza kulia: unamtaka mama, arudishwe mama. Walikubembeleza mpaka ukalala. Mtoto husahau, na baada ya wiki mbili tatu uliniita mama bila shida. Lakini hukunipanda mapajani tena, na sikuwa na udenda wa kufutwa.

Nililala na maneno yako. Nilikuwa nimedhani kwamba moto ulininyang'anya uso mmoja. Wewe ulinijulisha kwamba nimepoteza nyuso mbili. Wa pili, ule mbaya, ulikuwa wangu. Ulikuwa na mtu aliyeupenda, nami niliupeleka bara ukakatwa.

Nilijaribu kurudi kwenye kazi. Niliitwa harusi moja Malindi, mikono haikuwa imesahau kitu. Nikampaka yule binti wanja, nikamwinulia kioo ajione, na kwa jinsi nilivyokuwa nimeinama tukaingia kiooni wote wawili. Mama yake akasema kwa roho safi kabisa, "Mashaallah, Bi Salma, huna hata alama! Mtu hawezi kujua." Nikaweka kioo chini. Nikaenda kunawa mikono, nikapita mlango wa uani, sikurudi tena pale wala kwenye harusi nyingine yoyote.

Toka hapo watu wakaanza kunichoka. Nilipoungua waliniletea uji na kunilia. Nilipopona, wakaniambia nimshukuru Mungu, wakaenda zao. Nikikaa ndani, walisema najidai. Nikilia, walisema sina shukurani, wangapi wameungua na hawakupata bahati ya kwenda bara. Walikuwa na haki. Nilijiambia hivyo hivyo kila siku: jicho linafumba, mdomo unafunga, unataka nini tena? Na kila siku nilikwenda kwenye kioo kutazama kama amekuja.

Nikamwomba baba yako anirudishe kwa daktari. Alitafuta ruhusa upya, akafunga kibanda tena, tukaenda. Daktari alinikumbuka. Alinigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu, akasema maneno na muuguzi akanifasiria: "Anasema kazi imetoka vizuri sana. Yake imekwisha."

Nikasema, "Mwambie ngozi haisikii. Mwanangu akinibusu hapa, sijui kama amenibusu."

Wakazungumza. "Anasema mishipa ya kuhisi ilikufa na moto. Hairudi. Anauliza, lakini unaweza kula na kulala?"

"Mwambie naweza."

Tulirudi na meli mimi na baba yako, mpaka tukawa tunaingia bandarini. Hapo akanishika mkono akasema, "Mie nakuona yule yule, Salma." Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia, "Basi huoni."

Rukia, umekua ukiamini kwamba baba yako alitukimbia akaenda Mkokotoni kwa sababu ya uso wangu. Nimekusikia ukimjibu kwa mkato anapokuja na samaki wake, ukimwacha amesimama mlangoni kama mdai. Mwache. Hakunikimbia. Alikuwa mwema, na wema wake ndio nilioshindwa nao. Akinisifu, niliona ananihurumia. Akinyamaza, niliona amechukizwa. Akinigusa shavu nisilosikia, niliona anamgusa mwanamke mwingine mbele yangu. Nilimwambia aoe.

"Nimekulalamikia nini mie?" akaniuliza.

"Hujanilalamikia kitu. Ndiyo maana."

Alikataa kwa muda mrefu. Nikaacha kula naye, nikahamia chumba hiki chako, nikamfanya aishi kama mpangaji. Mwisho akaoa Mkokotoni, mjane mwenye uso wa kawaida na kicheko kikubwa, na siku alipopakia baiskeli yake juu ya gari nilisimama dirishani nikasubiri nafuu. Hiyo nayo haikuja. Leo utakapoonana naye sijui kama utakuwa umempa mkono au umempa ncha za vidole tu. Ukisoma barua hii utakuwa umeshamuaga, na hilo nimechelewa kulisema kama mengine.

Ninavyokujua, hapa utasema: basi mama anahitaji daktari wa aina nyingine. Nimesikia wapo, huko nje, madaktari wa kuzungumza tu. Labda. Lakini miaka imepita, na mimi sasa si mgonjwa anayesubiri dawa. Nimekuwa hivi. Mti ukiegemea ukuta mpaka ukashika umbo lake, ukuta ukibomolewa mti hausimami. Sitapona, mwanangu. Nakwambia kwa utulivu, nimeshalia nilipokuwa na machozi ya kutosha.

Ila wengine watakuja mbele yako, wewe ukiwa umevaa nguo nyeupe. Watakuja waliokatwa, walioungua, waliozaliwa kama Tatu. Siku ya kufunguliwa bendeji, usiwe wa kwanza kupiga makofi. Mgonjwa akisema amefurahi sana, na daktari akaondoka, wewe baki. Kaa kitandani pembeni yake, usimwambie amependeza, usimkaripie mkono wake ukipanda mdomoni. Muulize anamwona nani mle kiooni. Pengine hatakujibu. Pengine utakuwa umemuudhi. Sijui kama ningejibu mimi. Najua tu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nifunge mlango.

Umeniuliza mara mbili, mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa hasira, kwa nini sikutazami ninapozungumza nawe. Nikakwambia macho yananiuma. Mwaka jana ulirudi kutoka shule mvua inanyesha, ukasimama mlangoni ukavua ushungi kujifuta maji, ukacheka. Nilikuwa nashona. Nikainua kichwa, na yule niliyemsubiri miaka yote alikuwa amesimama mlangoni kwangu, amelowa, anacheka, na miaka yake yote iko mbele. Paji lile lile, nyusi zile zile, hata kidevu. Bi Zeyana aliliona kabla yangu, akawa anataka kulisema nami namkata kauli.

Nimejiuliza kama ni wivu. Siku nyingine ni wivu, na siku hizo naswali mara mbili. Siku nyingine ni kama kukaa matangani na maiti anakuja kukumiminia chai. Hukunikosea kitu chochote. Uso ni wako, ulizaliwa nao, na mimi ndiye niliyekupa. Lakini kwa mwaka mzima nimekulea nikitazama mikono yako, na kama watu watakuuliza mama yako anakupendaje, waambie hivyo: anaijua mikono yangu kuliko mtu yeyote.

Kesho nitakuja bandarini. Nitasimama nyuma ya shangazi yako na ushungi wangu, usinitafute kwa macho, nitakuwepo. Nitajaribu kukutazama meli ikishaanza kuondoka, ukiwa mbali kiasi cha kutosha.

Niandikie mara kwa mara, na herufi zako ziwe kubwa. Nitasoma kila neno. Lakini najua wasichana wakifika Dar es Salaam jambo la kwanza ni kwenda studio na nguo mpya. Ukipiga picha usinitumie mimi. Mpelekee baba yako Mkokotoni. Uso ule alikuwa akiupenda.

Mama yako,
Salma